Rupia za Kibuyuni

Majengo, Meru
16 Novemba 1958

Kwa dada yangu Wamuyu,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, wewe uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Natumaini Lydiah atakukuta u mzima, na Njoki wako amepona kile kikohozi alichokuwa nacho siku ya mazishi. Je, mvua imefika huko Ishiara? Huku imenyesha wiki mbili mfululizo na njia ya kwenda msikitini ni matope matupu, mtu anavuka na viatu mkononi. Mke wangu Makandi anakusalimu, na watoto wanakusalimu. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma mbele.

Najua utashangaa kupata barua ndefu kutoka kwangu. Mimi ni yule yule wa mistari minne, mitatu ikiwa salamu. Hii nimeianza mara saba tangu Pasaka, na mara sita nimeichoma kwenye jiko la Makandi. Nimetumia Kiswahili tulichofundishwa sote wawili na katekista, kwa sababu barua ya lugha ya kwetu ikifunguliwa kwenye kizuizi cha barabarani huleta maswali. Lydiah ni mwanamke wa kanisa anayeteremsha viazi vya Kibirichia huko kwenu na kurudi na ndengu. Nimemwambia asikupe barua hii ila mkononi mwako, na mumeo Mwaniki asiwe karibu.

Nataka kukueleza habari za zile rupia za Baba na ule mche wa fedha. Wewe ulizisikia kwa vinywa vya wengine tu, na mimi ndiye niliyekuwepo.

Unakumbuka Agosti ya mwaka wa hamsini na nne. Ulikuwa umerudi kwa Baba na Njoki mgongoni, ukasema kwa Mwaniki hurudi tena hata wakukate. Wazee wakakaa. Desturi unaijua kuliko mimi: mke haachiki mpaka mahari irudi ilikotoka. Lakini mbuzi wa Baba walikuwa wameswagwa wote mwezi wa Mei, katika ile adhabu iliyopigwa kijiji kizima kwa ajili ya watu wa msituni. Na wale wa mahari yako walikuwa wamegeuka karo yangu ya shule zamani sana. Sikuwahi kukushukuru kwa hilo. Nilidhani dada ndivyo anavyotakiwa kuwa.

Kwa Baba kilibaki kibuyu cha mafuta kilichoning'inia juu ya moshi. Ndani yake mlikuwa na rupia sitini, ujira wake wa upagazi katika vita vya Mjerumani. Serikali ilipobadilisha fedha yeye alikataa kuzitoa, akasema karatasi huungua na rupia haiungui. Kumi na mbili zilikuwa na tundu, maana Mama alizivaa shingoni kabla ya kubatizwa. Na pamoja nazo ulikuwepo ule mche wa fedha, mrefu kama shubiri, aliopewa na Munyi wa Mikinduri. Hadithi hiyo tulilishwa pamoja na uji: jinsi Munyi alivyougua tumbo njiani wakitoka vitani, Baba akambeba siku mbili, jinsi miaka mingi baadaye Munyi alivyouza ng'ombe kwa Waborana, akaziyeyusha zile sarafu za riale alizolipwa ziwe mche mmoja, akatembea kutoka Mikinduri mpaka Ishiara kumletea mtu aliyembeba.

Upande wa Mwaniki ulikubali kupokea fedha hiyo badala ya mbuzi, mradi ithibitike kuwa ni fedha kweli. Ikithibitika, wewe ungekuwa huru siku hiyo hiyo. Isipothibitika, ungerudi kwake kabla Jumapili haijafika. Basi Baba, Mwaniki na mjomba wake mmoja wakapata ruhusa ya siku mbili kuja Meru, wakiwa na kibuyu ndani ya kikapu, ili wamwone yule sonara Mhindi wa mjini. Walipofika, duka la sonara lilikuwa na kufuli. Alikuwa ameenda Nairobi kwenye harusi ya mpwa wake na angerudi baada ya wiki moja.

Hapo ndipo Mwaniki aliposema, kwa upole ambao hatukuuzoea, kwamba hakuna haja ya kumngoja Mhindi, kwani Salesio anajua fedha, Majengo nzima inamjua. Akasema yeye yuko tayari kulipokea neno langu, liwe tamu liwe chungu, ingawa mimi ni ndugu ya mke. Baba alimshika mkono akamshukuru. Mjomba wake akatikisa kichwa kwa mshangao. Hata mimi nilijiambia kwamba labda tumemwonea mtu huyu.

Na ni kweli, dada, kwamba Majengo nzima ilinijua. Wakati ule nilikuwa nikipokea pesa katika bucha ninakofanya kazi hadi leo, na mjini palikuwa na shilingi nyingi za bandia, watu wakizimimina nyumbani kwa madini ya risasi. Mimi nilikuwa naiangusha shilingi juu ya meza ya jiwe, nikisikia mlio wake najua. Sikuwahi kukosea. Watu wakaanza kuniletea bangili, vijiko, mpaka jino la marehemu mmoja. Wakaniita Masikio. Nilivimba kichwa, sikufichi; nilikuwa naangusha shilingi hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza.

Niliwakaribisha chumbani kwangu, nikaleta jiwe la kusagia la Makandi na kuliweka katikati ya meza. Baba akazimimina zile rupia. Zilikuwa nyeusi kwa moshi na zinateleza kwa mafuta. Nikatoa shilingi moja mfukoni, mpya, inayong'aa, nikawaambia wazee wasikilize kwanza sauti ya fedha ya kweli. Nikaiangusha, ikalia vizuri. Kisha nikaangusha rupia. Ikatoa sauti nzito, fupi. Nikachukua nyingine, ikawa yenye tundu, hiyo ikatoa sauti mbaya zaidi. Nilijaribu tano. Nikatoa kisu, nikakwaruza: shilingi ikagoma, rupia ikakubali. Ule mche nao nikaugonga, haukulia, na kisu kikauchora bila taabu. Nikapima kwa viganja, rupia upande huu na shilingi upande huu, rupia ikazidi uzito. Laini, nzito, haina mlio. Wewe ungefikiria nini? Nikasimama kama padri mimbarini nikawaambia kwamba hii ni risasi iliyopakwa fedha juu, zote, na huo mche ndio mbovu kuliko vyote.

Baba aliuliza mara moja tu kama nina hakika, nikasema ninayo. Akauchukua ule mche, akaugeuza geuza, akasema polepole kwamba kumbe Munyi alitembea njia yote ile kumletea uongo. Walipoondoka jioni ile aliniachia kibuyu chote, akaniagiza nikitupe katika mto Kathita, mahali penye maji mengi, asije mtu mwingine akadanganyika.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mwaniki alikuja kukuchukua Jumamosi akiwa na wenzake wawili wa kambi ya walinzi, na Baba akafungua mlango kwa mkono wake. Mimi nilisikia baada ya mwezi mmoja kwamba alikuvunja vidole vya mkono wa kulia, ili usifunge tena mizigo yako. Niliambiwa na mchuuzi mmoja wa mikeka, sokoni, akiwa anatafuna muhogo. Nilimwambia ahsante kwa habari.

Munyi alikuja mara mbili Ishiara kumwona Baba mwaka uliofuata. Mara zote mbili Baba alijifungia ndani. Na mwaka huu, juma lile kabla ya Pasaka, nilipopata ruhusa ya kuja kumwona kitandani, aliniambia niketi karibu. Nilidhani anataka maji. Kumbe alitaka kuniomba radhi. Alisema ameishi miaka thelathini na tano akilinda risasi ndani ya kibuyu, akijigamba kwamba watoto wake wana akiba, na sasa anakufa bila kutuachia kitu. Alisema aibu aliyonitia mbele ya wageni, kunipa vitu vya bandia nivipime, haijamtoka moyoni. Nilimwambia apumzike. Dada, alifariki siku ya tatu, na mimi nilikuwa nimemwambia apumzike.

Siku ya mazishi nilisimama ng'ambo ya kaburi nikikutazama. Zamu yako ya kutupa udongo ilipofika uliinama, ukanyoosha mkono wa kulia, ukasita, kisha ukaurudisha ndani ya leso na kuchota udongo kwa mkono wa kushoto. Hukulia wala hukutazama mtu. Nilirudi Meru na picha hiyo, na tangu siku hiyo sijaangusha shilingi hata moja juu ya jiwe. Mwenye bucha amelalamika.

Sasa nisikilize. Zile rupia zilikuwa fedha. Zote sitini. Na ule mche nao ni fedha. Sonara aliporudi kutoka harusini nilimwendea na kumwuliza kwa mzunguko, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Alicheka sana. Akanieleza kwamba hizi shilingi mpya hazina fedha hata chembe, na kwamba rupia za zamani ni fedha karibu tupu, na fedha ni laini, kisu huikwaruza. Sikio langu lilifundishwa na shilingi, nikaifanya shilingi kuwa kipimo cha kila kitu kwa sababu ndiyo pesa ya serikali ya leo. Nilipima kitu cha kweli kwa kitu cha bandia, nikakikataa cha kweli. Rupia zenyewe sikuziosha mafuta kwanza, nikachukua hata zenye matundu. Wala sikukumbuka kwamba rupia ni kubwa kuliko shilingi, ndiyo maana ina uzito, jambo ambalo Njoki angeliona.

Mpaka hapo ungeweza kunisamehe kama mjinga. Mara sita nilizochoma barua hii nilikuwa nimeishia hapo, nikaweka na salamu. Lakini si hivyo ilivyokuwa.

Nilipomaliza kutoa hukumu yangu, mjomba wa Mwaniki aliomba chai. Nilichukua rupia chache na ule mche nikaenda nazo jikoni, niondoe mafuta ili nimrudishie Baba vitu vyake vikiwa safi; niliona hiyo ni heshima. Maji yalikuwa yanachemka kwenye sufuria. Nikaishika rupia moja kwa ukingo, nikaizamisha nusu. Kabla sijavuta pumzi iliniunguza, nikaiachia ikaanguka ndani. Nilidhani ni mvuke. Nikachukua ile shilingi yangu, nikaizamisha vile vile, nikaishika mpaka nikahesabu tisa ndipo nikahisi moto. Nikarudia na rupia nyingine, ikaniunguza mara moja. Nikaushika mche kwa juu kabisa, mkono mbali na maji, na joto likapanda kuja vidoleni haraka hata nikashangaa. Hapo nikakumbuka jambo ambalo sonara aliwahi kuniambia akija kubadilisha sarafu, kwamba mwizi anaweza kuiga rangi ya fedha lakini hawezi kuiga jinsi inavyopitisha moto. Risasi haiwezi. Makandi alikuwa anamimina maziwa, akaniona nimetia kidole mdomoni.

Nilijua, Wamuyu. Chai ilikuwa bado haijamiminwa na nilikuwa nimeshajua.

Nilitoka jikoni mbio kidogo, nikiwa nimefungua mdomo tayari. Nakuapia kwamba nilitaka kusema. Nilipoingia chumbani, Mwaniki alikuwa ameweka karatasi mezani, kando ya zile rupia zilizobaki, akiinyoosha kwa kiganja. Ilikuwa cheti changu cha uaminifu, kile cha serikali kinachosema mtu si wa msituni. Cha zamani kilikuwa kinakwisha mwezi ule, na bila kipya kutoka kambi ya walinzi ya kwetu, anakofanya kazi Mwaniki, ningefukuzwa Majengo na kurudishwa, pengine na kufungiwa mahali. Watu wa Embu waliokuwa wakipakiwa kwenye malori tulikuwa tukiwaona kila wiki. Mwaniki aliniambia taratibu kwamba amekibeba ili kunipunguzia safari, kwamba muhuri umeshapigwa, na kilichobaki ni kunikabidhi tu. Kisha akaniuliza kama nimemaliza kupima.

Baba alikuwa akiniangalia. Macho yake yalikuwa bado yana tumaini kidogo, labda kwa vile niliingia kwa haraka.

Nikasema nimemaliza. Nikakikunja kile cheti nikakitia mfuko wa shati. Tukanywa chai, na mjomba wa Mwaniki akaisifu. Ndipo nilipoelewa kwa nini Mwaniki mwenyewe alipendekeza nipime mimi. Hakujua kama zile rupia ni za kweli au za uongo, na hakuwa na haja ya kujua. Alinijua mimi.

Kidole changu kilipona siku ya tatu.

Kibuyu sikukitupa mtoni. Nilikizika chini ya kitanda, na sikuuza hata rupia moja, si kwa wema, bali kwa sababu sikutaka kuzishika tena. Makandi aliniuliza mara moja kila mwaka, kama mtu anayelipa kodi, ni lini nitasema. Mwezi uliopita niliacha kumjibu, nikaenda Mikinduri kwa Munyi. Ni mzee sana sasa, anaona kwa jicho moja. Nilimweleza yote niliyokueleza. Nilitegemea anipige na fimbo na ningefurahi. Aliuliza jambo moja tu, kama rafiki yake Kivuti alijua kabla ya kufa. Nikasema hapana. Akainuka akaingia ndani, na hakutoka tena siku ile. Bibi yake ndiye aliyeniletea uji nikanywa peke yangu uani. Nilipokuwa naondoka bibi huyo akanifuata mpaka njiani, akasema mzee anataka kujua siku nitakayosema haya mbele ya wazee.

Siku ni Jumamosi, tarehe sita Desemba. Nimeshawapelekea habari wazee wa kwetu na wa upande wa Mwaniki wakutane nyumbani kwa Baba, nikasema ni shauri la urithi. Munyi atakuwepo. Nitasimama pale aliposimama Mwaniki kukuchukua na nitasema haya yote kwa mdomo wangu, na baada ya hapo wanifanye watakavyo. Sijui kama Mwaniki atanishtaki, sijui kama nitarudi Majengo. Makandi ameshafunga vyombo vyake vya thamani, vitatu.

Ndani ya gunia la viazi atakalokupa Lydiah, chini kabisa, utakuta kibuyu. Rupia ni sitini na mche ni mmoja. Ni vyako. Mahari yako irudishwe kwa fedha hiyo, uwe huru kama ulivyopaswa kuwa miaka minne iliyopita. Kitakachobaki ni cha Njoki. Utakuta pia kile cheti, nimekifunga kwa kitambaa. Kina tarehe. Waonyeshe wazee ile tarehe, wailinganishe na siku Baba na Mwaniki walipokunywa chai kwangu.

Sikuombi unisamehe kwa sasa, ni mapema mno na sina uso wa kuomba. Sikuombi hata uniamini. Neno langu juu ya fedha hii limeshakuponza mara moja, basi usilipokee tena. Zipime mwenyewe kabla ya siku hiyo, Mwaniki akiwa kazini. Zioshe kwanza kwa majivu na maji ya moto mpaka mafuta yatoke. Chemsha yai, liponde, uweke kiini chake juu ya rupia moja mpaka kesho yake: kama ni fedha utaikuta imekuwa nyeusi pale kiini kilipogusa. Halafu chemsha maji. Zamisha nusu ya rupia ukiwa umeishika ukingo, kisha shilingi yoyote vile vile, uone ipi itakayokuunguza kwanza. Tumia mkono wa kushoto. Wa kulia najua hauwezi tena kushika kitu kidogo hivyo, na sasa unajua ni nani aliyekurudisha kwa Mwaniki.

Msalimie Njoki, umwambie mjomba wake atamletea kalamu. Msalimie na katekista kama bado yu hai. Makandi anasema ukija kwetu siku yoyote, usiku au mchana, kitanda kipo. Mungu akulinde mpaka tarehe sita, na baada yake.

Ni mimi mdogo wako uliyemsomesha,
Salesio Kithaka wa Kivuti